Jinsi Papa Deo Alivyoanza Kushabikia Sambaza

Vijana wangu wa upande wa goli la chini, nimewasikia. Mlikuja nyumbani na simu zenu, mkaniambia mnakusanya habari za mashabiki wa zamani, kila mmoja aseme alianzaje kuipenda timu, na mkaniulizia hasa marehemu Deo. Mkanisogezea simu mdomoni kama watu wanaomlisha mgonjwa uji. Sikusema kitu cha maana, mkanywa chai yangu, mkaenda. Mnisamehe. Mimi Shabani ni fundi cherehani, na fundi cherehani hasemi vizuri mtu akimtazama mdomo. Sasa nimekaa peke yangu. Macho yangu hayalioni tena tundu la sindano, lakini karatasi bado yanaiona, basi nawaandikia.

Nianze na jina, maana naona hata hilo mmelipokea bila kuuliza. Mnadhani Sambaza ni jina tulilojipa wenyewe. Hapana. Timu kubwa zilipokuwa zinakuja huku Kamembe, mpakani, kutoka Kigali, mashabiki wao walituita sambaza, wale visamaki vya ziwani ambavyo mtu anavitafuna na vichwa vyao. Siku moja tukawafunga. Akina mama wa sokoni wakajitwisha makarai ya sambaza, wakayapitisha taratibu mbele ya basi la wageni, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka dereva akafunga vioo kwa harufu. Tangu siku hiyo jina likawa letu. Kwenye karatasi za ligi timu ina jina lingine, lakini sijawahi kulisikia likiimbwa.

Halafu kuna desturi yetu, ambayo naona inaanza kuwaponyoka. Zamani alikufa shabiki mwenzetu, mpakiaji wa mizigo pale sokoni Kamembe. Alikuwa ametoka upande wa Kongo, hana mke, hana ndugu. Tulipofika makaburini padri akauliza nani atasema neno juu ya marehemu. Tukatazamana. Hatukujua baba yake ni nani wala alizaliwa kilima gani. Tulichojua ni kimoja tu: siku ya kwanza alipoingia uwanjani alikuwa anajificha mvua, na mvua ilipoisha hakutoka. Hassani mchinjaji, yule mnayemjua, mpiga ngoma wetu, akasimama akasema hilo hilo, na likatosha. Kuanzia hapo tukakubaliana kwamba kila shabiki aweke mwanzo wake kwa mwenzake. Ukifa, yule uliyemwachia anasimama mbele ya watu anausema, kisha unazikwa.

Kwa hiyo sisi tunajuana kwa mianzo. Kuna mwalimu mmoja wa Nkungu, Mungu amrehemu, alishuka Kamembe kununua bati la kuezekea jiko la mke wake. Akapita uwanjani, akasikia kelele, akaingia na bati lake. Mvua ikanyesha. Akaliinua juu ya kichwa chake na vichwa vya jirani zake, wa nyuma wakamtukana kwamba hawaoni mpira. Mchezo ulipokwisha watu wanne walikuwa wamelikalia, limekunjika kama chapati. Akarudi Nkungu mikono mitupu, mke wake akapikia mvuani msimu mzima. Siku ya kumzika, mwanzo huo ulisemwa na mke wake akacheka mpaka akashikwa mkono.

Wangu mimi alikuwa nao Deo. Mnaona shida yangu. Sasa hauko kwa mtu yeyote, basi nauweka hapa, mwenye kupenda aubebe.

Nilijifunza kazi kwa Mzee Sadiki, mtu mkali, mwenye ndevu nyekundu za hina. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jezi haikatwi kama shati. Mtu wa ofisi unampima amesimama wima. Mchezaji unampima ameinua mikono, kwa sababu shati lake litaishi likiwa limeinuliwa. Kwapa unalikata pana, mshono wa bega unaupitisha mara mbili, na namba ya mgongoni unaishikiza kwanza kwa mkono ndipo uilete kwenye cherehani, la sivyo kitambaa kinajivuta na nane inataka kuwa tatu. Na juu ya yote Mzee Sadiki alikuwa na neno moja alilolirudia kila siku: nguo ioge kabla ya mwenyewe. Maana yake kitambaa kipya ukitumbukize majini kwanza, kitoe rangi yake ya uongo, kisinyae kinavyotaka kusinyaa, ndipo ukikate.

Alipokwenda harusini Bukavu akaniachia duka, na ndiyo siku timu ilipokuja kuomba jezi za haraka, za njano zenye namba za bluu. Mimi mpira sikuujua wala sikuupenda. Nikaona kuogesha kitambaa ni kupoteza muda, nikakata, nikashona, nikapeleka. Siku ya mchezo mvua ikaanguka. Nikafunga duka, nikakimbia uwanjani. Nilikuta bluu imeteremka migongoni mpaka kwenye makalio, na penye njano pamekuwa kijani. Mwamuzi anamwita mchezaji, hajui anamwita nani. Nikajificha nyuma ya mama mmoja mnene. Lakini siku hiyo Sambaza walishinda, na watu wakasema fundi ametia dawa kwenye namba. Wakanitafuta, wakanikuta nyuma ya yule mama, wakaninyanyua juu. Juma lililofuata viongozi wakaja dukani kunikataza nisioshe kitambaa tena. Mzee Sadiki alikuwa amesharudi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akachukua jora zima la bluu, akalitumbukiza kwenye beseni mbele yao. Tukafungwa, ikasemwa ni yeye. Mimi tayari nilikuwa nimeshanaswa.

Sasa nije kwa Deo, maana ndiye mliyemuulizia, na ndiye aliyenishinda kumsema mbele ya simu.

Deo alikuwa mmoja wa Wanyarwanda waliokulia Bukavu, ng’ambo ya mpaka, wakarudi wakubwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule kabisa. Makanika, mrefu, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Wakati ule alikuwa akikaa Bweyeye na mke wake, akitengeneza magari yaliyobeba mbao. Siku hizo mimi nilikuwa nimerithi baraza la Mzee Sadiki, nyuma ya soko. Akasimama mlangoni asubuhi moja. Nilikuwa na jezi za timu mezani, za mchezo wa Jumapili.

“Papa, nataka unishonee karobo kamoja. Keupe.”

Nikamuuliza ni gauni la mtoto mkubwa kiasi gani. Akanyoosha mkono wake, akanionyesha kuanzia kwenye kiwiko.

“Kutoka hapa mpaka hapa.”

Nikachukua futi yangu ya kupimia, nikaupima mkono wake. Nikauliza kama mtoto anatembea, kwa sababu gauni la mtoto anayetembea hukatwa fupi kidogo asije akalikanyaga.

“Alikuwa ameanza,” akasema.

Ndipo nikaelewa. Nikazisogeza jezi pembeni, nikazima redio, nikalishona lile gauni yeye akiwa amekaa kwenye benchi langu akiangalia sakafu. Baadaye nilijua yote. Mtoto alikuwa wao wa kwanza, jina lake Neema. Alipata homa Bweyeye, mvua zikawa zimeikata njia, wakambeba kwa miguu kwenye matope, na akawafia njiani kabla hawajafika popote. Walikuwa wamefikia kwa shangazi yake Deo hapa Kamembe, na mke wake alikuwa na mimba nyingine. Nilimpa nguo imekunjwa, akaipokea kwa mikono miwili, akaenda.

Nilidhani sitamwona tena. Walipokwisha kuzika akarudi, akakaa kwenye benchi lile lile. Kesho yake akaja tena. Wateja wakadhani nimepata mwanafunzi, mmoja akampa suruali aipunguze. Sikumfukuza wala sikumuuliza. Kwetu mtu akiwa na msiba unakaa naye, basi nilikaa naye, yeye akiangalia sakafu na mimi nikikanyaga cherehani.

Jumapili ikafika, nikalazimika kupeleka jezi. Kumwacha pale peke yake roho haikunipa. Nikagawa furushi, nikamtwisha nusu. “Nisaidie,” nikamwambia. Akalibeba. Tukaingia kwa mlango wa wachezaji, tukagawa jezi, kisha tukasimama pale pale mnapokaa nyinyi, nyuma ya goli la chini.

Wageni walitufunga mapema. Uwanja mzima ukapiga ukelele wa hasira, mnaujua ule ukelele. Nikamgeukia Deo. Alikuwa amefungua mdomo na yeye, lakini sauti iliyokuwa inatoka haikuwa ya mpira. Alikuwa analia. Analia kutoka chini ya tumbo, mabega yanaruka, machozi na kamasi, na hakuna aliyesikia kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga kelele. Mwanaume mzima. Hassani mchinjaji, aliyekuwa upande wake wa pili, akampiga mgongoni kwa mkono wake ule mzito.

“Wacha kulia, ndugu. Tutarudisha.”

Tukarudisha kweli, na Deo akalia zaidi. Hassani akaniambia sikioni kwamba hajawahi kuona muntu anapenda ekipe namna hii siku ya kwanza. Mchezo ulipokwisha alikuwa amekwisha kumtangaza kwa wenzake wote. Wakampa jina papo hapo, wakamwita Machozi, na kabla ya msimu kuisha wakamfanya mkubwa wa mashabiki. Mnalijua jina hilo, mmeliimba. Mlifikiri lilitoka wapi?

Tukirudi sokoni siku ile ya kwanza, alisema maneno yake ya kwanza tangu alipochukua gauni.

“Shabani, kumbe pale muntu analia na hakuna mwenye anamuuliza kitu.”

Hapo ndipo Deo alipoanza. Alilelewa na baba aliyempa neno moja la Kinyarwanda, kwamba machozi ya mwanaume yanatiririkia tumboni. Nyumbani asingeweza. Kazini asingeweza. Kanisani wangemshika mkono, wangemwombea, wangemuuliza. Akapata mahali pamoja duniani ambapo mtu anaweza kufungua kinywa chake, na jirani akadhani ni penalti.

Miaka ikapita. Deo alikuwa mcheshi, nyinyi mlimjua kwa hilo. Kati ya wiki alikuwa akitania watu wote wa soko, na alinisema hadharani kwamba mishono yangu inafunguka haraka kuliko mabeki wetu. Uwanjani aliimba, akaongoza, akatukana marefa kwa adabu. Na katikati ya kelele alilia. Si kila mara, na kadiri tulivyozeeka mara hizo zikawa chache, lakini mvua za masika zikianza nilijua nisimame karibu yake. Kuna mizigo ambayo haipungui, mtu anazoea tu kuibeba.

Watu walipomuuliza mwanzo wake alisema alifuata harufu ya broshete. Alikuwa anapita barabarani ana njaa, akasikia nyama ya mbuzi inachomwa, akaifuata pua yake mpaka ndani, akajikuta ameshangilia goli na broshete mdomoni akapaliwa, ndiyo maana machozi. Aliisimulia vizuri, anaigiza kupaliwa, watu wanashika mbavu. Mimi nilicheka nao. Tulipobaki wawili alinishika mkono.

“Siku yangu ikifika, useme ile ya broshete. Unasikia? Mama Aline hakulia hata siku moja. Yeye iko na nguvu kunipita. Sitaki ayue kama miye nilikuwa naenda kulia pale, na yeye nilimuacha nyumba na macho makavu.”

Nikamkubalia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hauoni uzito wake mpaka ukuangukie.

Mama Aline ni mke wake. Aline ni yule mtoto aliyekuwa tumboni Neema alipokufa. Sasa ni mwanamke mzima, anafundisha shule Mibirizi, na mnajua kwamba uwanjani hajawahi kukanyaga. Aline alikua akiona baba yake anatoka kila siku ya mchezo na kurudi hana sauti, macho mekundu. Shuleni watoto walimwambia baba yako anakunywa. Siku ya komunyo yake ya kwanza, wageni wakiwa mezani, Deo aliinuka akaenda uwanjani. Mimi nilimwona anafika na suti, nikamwambia rudi nyumbani. Akasema hawezi. Siku hiyo ilikuwa masika. Aline alikuwa amevaa gauni jeupe, nililishona mimi, na ni wakati ule tu aliponiambia hawezi ndipo nilipokumbuka gauni lingine jeupe nililowahi kuishonea nyumba ile. Mtoto yeye angejuaje? Alichojua ni kwamba baba yake amemwacha kwa ajili ya mpira.

Mimi nimestaafu sasa. Jezi zinakuja kutoka Kigali ndani ya plastiki, namba imegandishwa kwa moto. Ni nzuri, sikatai. Zikifuliwa mara chache namba inaanza kubanduka pembeni kama lebo ya chupa, na hakuna wa kuirudishia. Deo alipenda kuja kibarazani kwangu akiwa na jezi ya mmoja wenu, akaibandua namba kwa ukucha, akanionyesha, tukacheka kama wazee wajinga. Kisha tumbo likaanza kumsumbua. Alikonda mpaka koti likawa linamvaa yeye. Kabla ya masika ya mwaka huu akatuacha. Niliandika sentensi hii nikasimama, nikaenda kunawa uso, nikarudi.

Siku ya mazishi tulikwenda nyumbani kwake mapema, sisi wa zamani na baadhi yenu. Wengi mlikuwa nje barabarani, kwa hiyo ya ndani hamkuyaona. Tulileta bendera ya kumfunika na Hassani alileta ngoma, kama tunavyofanya. Aline akatukuta mlangoni pa ua. Uso wake ulikuwa mkavu.

“Papa Shabani, nakuheshimu sawa papa yangu. Lakini ile ngoma haitaingia huku. Na ile bendera hapana. Kila dimanshi, kila siku ya mupira, mulikuwa munatukamatia papa. Leo ni wetu.”

Hassani akataka kujibu, nikamzuia. Akabaki nje pamoja na ngoma yake. Sisi tukaingia, tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Jeneza lilikuwa sebuleni, tukisubiri gari la kulipeleka kanisani. Mama Aline alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, amejifunga kitenge cheusi, ameweka mikono magotini. Hakuwa analia. Wanawake walikuwa wanaambiana kwa sauti ya chini kwamba mama huyu ana moyo wa ajabu.

Yakasemwa maneno ya familia, ya jirani, ya makanika wenzake. Kisha wakaniita mimi. Aline hakukataa, ila aligeuza uso.

Nikasimama. Nilikuwa nimeahidi broshete, nikaanza na broshete. Nikasema jinsi alivyokuwa anapita barabarani na njaa yake. Watu wakaanza kutabasamu, maana waliijua. Nikafika pale pa kufuata pua. Nikamtazama Aline. Alikuwa ananiangalia sasa, na katika macho yake niliona kwamba hiyo ndiyo itakayobaki. Atamzika mtu aliyeiacha meza ya komunyo yake kwa ajili ya nyama ya kuchoma na goli. Atarudi Mibirizi na baba huyo, na atakaa naye maisha yake yote. Nikaikatisha hapo hapo. Watu wakadhani ni uzee, mmoja akaniletea maji.

Nilimwomba Deo msamaha moyoni mwangu. Nikasema, “Hiyo si kweli. Hiyo ni ile aliyopenda muisikie.” Nikasema ya kweli. Mkono wake nilioupima, benchi, furushi la jezi, goli la wageni. Nikasema kwamba miaka yote hiyo nilisimama karibu yake na nilijua analia nini, na jina la aliyemlilia ni Neema. Nikasema siku ya komunyo alikuja na suti yake, na Sambaza walikuwa wanaongoza, na yeye alilia kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Aline alikuwa ameziba mdomo wake kwa mkono.

Nikamgeukia Mama Aline kumwomba radhi, kwa sababu siri ilikuwa imefichwa kwake kuliko kwa mtu mwingine. Akanitangulia kusema.

“Kaa chini, Papa Shabani. Ile habari miye naiyua.”

Nikakaa.

“Mushwari zake za kupangusa machozi nani alikuwa anafula? Ni miye.” Aliongea polepole, bila kumwangalia mtu. “Siku zingine roho ilikuwa inamuwaka hapa nyumba, naona anazunguka tu, anafungua mlango, anafunga. Namuambia: enda, leo banacheza. Hata kama hakuna matshi. Naye anaenda. Hakuniulizaka hata siku moja banacheza na nani.”

Kwa hiyo kulikuwa na siku Deo alikwenda kukaa kwenye uwanja mtupu. Mimi, niliyejidai najua yote, hilo sikulijua.

Aline alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake. Akamshika mikono.

“Na weye, mama? Weye ulikuwa unalilia wapi?”

Mama Aline akaiangalia mikono iliyomshika.

“Miye sikulia.”

“Juu ya nini?”

“Ulikuwa mu tumbo. Wakasema nikilia sana na wewe utatoka. Kisha ukazaliwa, nikakuweka mu mugongo. Ukisikia nalia na weye unalia. Sasa ningelia wakati gani?”

Hakulisema kama mtu anayelaumu. Alilisema kama anayeulizwa alikoweka chumvi. Nimeshona nguo za misiba maisha yangu yote, nimekaa na waume na baba za watu kwenye benchi langu, na sikuwahi hata mara moja kuuliza mama wa yule mtoto yuko wapi. Sisi wote tulioufungua uwanja kwa Deo hatukuuliza.

Wanawake walianza kumwambia lia sasa, mama, lia. Hakuweza. Kila mtu alikuwa amenyamaza akimtazama, na midomo yake ilikuwa inatetemeka, na haikutoka sauti yoyote. Alikuwa anaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta mlango.

Hassani alikuwa amesikia yote kutoka pale langoni. Akaipiga ngoma mara moja, taratibu, huku akimwangalia Aline. Aline akainua uso. Akamwangalia mama yake, kisha akamwangalia Hassani, akatikisa kichwa kukubali. Hassani akaingia uani na ngoma. Akaanza ule mdundo wetu wa dakika za mwisho, tunaoupiga tukiwa nyuma kwa goli moja. Mimi nikaanza kuimba, sauti yangu ile ile ya kukwaruza, wa zamani wakaitikia, na nyinyi mliokuwa barabarani mkaitikia bila kujua kwa nini, majirani wakatoka majumbani kushangaa wendawazimu hawa wanaoimba mpira kwenye matanga. Makelele yakajaa ua mzima. Na ndani ya makelele hayo Mama Aline akafungua kinywa.

Tuliimba mpaka gari la jeneza likafika, na hata lilipofika hatukuacha. Hakuna aliyemuuliza kitu.